Kuiandaa gridi ya Tabora na Kigoma kwa dhoruba za jua: jinsi ya kutunga kanuni na kuzisimamia

Mwongozo huu ni wa wanaotunga kanuni za umeme, wakaguzi wanaozisimamia, na wahandisi wa vituo vya kupoza umeme watakaozitekeleza. Umejikita Tabora na Kigoma kwa sababu ya msingi: huku laini ni ndefu, vituo ni vichache, na kituo kimoja kikizimika hakuna njia ya pembeni yenye uwezo wa kubeba mzigo wake. Nchi zilizotangulia kutunga kanuni za aina hii ziko mbali na ikweta, na gridi zake zimefumwa kama wavu. Ukinakili kanuni zao kama zilivyo utakosea mara mbili: utatumia fedha kuzuia hatari ambayo kwetu ni ndogo, kisha utaacha wazi ile ambayo kwetu ni kubwa.

Hatari yenyewe na ukubwa wake

Dhoruba ya jua haina uhusiano na joto la Oktoba wala radi za masika. Ni wingu la plazma (gesi yenye chaji ya umeme) lenye sumaku ambalo Jua hulitupa angani, nalo kwa kawaida hufika kwetu baada ya siku 1 hadi 3. Lile la Septemba 1859 lilifika kwa takriban saa 17 na nusu. Likigonga uga wa sumaku wa Dunia, uga huo huyumba, na uga unaoyumba huzalisha volteji ardhini. Volteji hiyo husukuma mkondo kupanda kwenye laini kupitia nyutro (ncha ya pamoja ya koili tatu) ya transfoma iliyofungwa ethi, yaani ardhini, upande mmoja, na kushuka ardhini kupitia nyutro ya upande wa pili. Mkondo huu hubadilika polepole, kwa sekunde na dakika, kwa hiyo transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 50 huupokea kama DC, yaani mkondo usiogeuka mwelekeo.

DC ikiingia kwenye koili, kiini cha chuma hushiba sumaku katika nusu moja ya kila mzunguko. Hapo mambo matatu huanza kwa pamoja. Transfoma hunywa VAR nyingi (umeme usiofanya kazi, lakini unaoshikilia volteji) na volteji ya eneo hushuka. Hamoniki, yaani mawimbi ya umeme yenye hezi 100, 150 na kuendelea, humwagika kwenye gridi. Na sumaku iliyokosa nafasi ndani ya kiini hutoka nje yake na kupasha moto vibano, boliti na ukuta wa tangi.

Tarehe 13 Machi 1989, gridi ya Québec nchini Kanada ilianguka kwa muda wa kama sekunde 90, watu milioni 6 wakakosa umeme kwa karibu saa 9. Chanzo kilikuwa hamoniki, zilizofanya mitambo ya kushikilia volteji ijizime mmoja baada ya mwingine. Tarehe 30 Oktoba 2003, mji wa Malmö nchini Sweden ulikosa umeme kwa sababu rilei, kifaa cha ulinzi kinachoamuru umeme ukatwe, ilikuwa nyepesi mno kwa hamoniki ya tatu, yaani hezi 150. Katika matukio yote mawili giza halikuletwa na transfoma kuungua. Lililetwa na vifaa vya ulinzi na vya kushikilia volteji kujitoa vilipokutana na hamoniki. Mtunga kanuni akilikumbuka hilo, ataanza na rilei kabla ya kufikiria vifaa vya bei kubwa.

Je, huku karibu na ikweta tuko salama? Tuna nafuu, ila usalama kamili hatuna. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa kubwa za Afrika Kusini zilionyesha ongezeko la gesi kwenye mafuta yake, na baadhi ziliharibika miezi iliyofuata, ingawa mikondo iliyokadiriwa kupita haikuwa mikubwa kwa viwango vya nchi za kaskazini. Guangdong, kusini mwa China, Novemba 2004 nyutro ya transfoma ya kilovolti 500 ilipimwa ikipitisha zaidi ya ampea 70. Wingu linapogonga kwa mara ya kwanza, mshtuko wa uga wa sumaku husikika Dunia nzima, pamoja na ikweta.

Fanya hesabu ya laini yako kabla ya kuandika kifungu chochote

Kiwango cha Marekani Kaskazini cha kupanga gridi kinatumia volti 8 kwa kilomita kama dhoruba ya mara moja kwa miaka 100 katika latitudo ya kisumaku ya nyuzi 60, kisha kinaipunguza kadiri unavyokaribia ikweta, mwisho wake ukiwa moja ya kumi. Tabora na Kigoma ziko chini kabisa ya jedwali hilo, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni volti 0.8 kwa kilomita. Usipunguze zaidi kwa hisia. Tabora imekaa juu ya mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania, mwamba usiopitisha umeme vizuri, na mwamba wa namna hiyo hukuza volteji ya ardhini. Upande wa Kigoma, bonde la ufa na mashapo ya Ziwa Tanganyika hubadilisha hali ndani ya kilomita chache. Hadi vipimo vya mwamba wa chini vifanyike, chukua kigezo cha udongo kuwa 1, yaani usiongeze wala usipunguze.

Halafu tazama mwelekeo. Katika latitudo zetu uga wa sumaku huyumba hasa kwa mhimili wa kaskazini na kusini, na hilo huzaa volteji inayoelekea mashariki na magharibi. Laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Urambo na Nguruka hadi Kidahwe, Kigoma, inalala karibu kabisa mashariki–magharibi. Umbali wa moja kwa moja ni kama kilomita 350. Hesabu yake ya mfano ni hii: kilomita 350 mara 0.8 ni volti 280. Ukichukua waya wenye omu 0.12 kwa kilomita na urefu wa njia wa kilomita 380, fezi tatu zikiwa sambamba zinatoa omu 15.2. Ongeza omu 1.5 za koili na ethi za vituo viwili, jumla 16.7. Mkondo wa nyutro unakuwa karibu ampea 17, yaani chini kidogo ya ampea 6 kwa fezi.

Sasa chukua laini ya kilovolti 400 ya Nyakanazi–Kigoma, yenye kilomita 280. Sehemu yake ya mashariki–magharibi ni kama kilomita 160 tu, hivyo ni volti 128. Lakini waya zake ni nene, na kila fezi ina waya kadhaa zilizofungwa pamoja. Kwa omu 0.03 kwa kilomita unapata omu 2.8, na ukiongeza 1.5 inakuwa 4.3. Matokeo ni karibu ampea 30 kwenye nyutro, ampea 10 kwa fezi. Laini iliyo fupi zaidi, na iliyokaa kombo, inabeba karibu mara mbili. Ndiyo maana kila laini mpya ya kilovolti 400 inayoingia magharibi mwa nchi inabidi ifanyiwe hesabu hii wakati wa usanifu.

Weka omu halisi za laini yako, kisha uangalie vituo vya mwisho na vya kwenye kona. Kituo cha katikati ya laini iliyonyooka hupokea karibu kiasi kilekile kinachotoka, hivyo nyutro yake hubaki na kidogo. Ni Kidahwe na Tabora zinazobeba mzigo, si Urambo wala Nguruka. Transfoma-oto, ambazo misongo yake miwili hutumia koili moja, nazo zihesabiwe peke yake, kwa sababu huruhusu DC kupita kutoka msongo mmoja hadi mwingine. Koili ya delta haipitishi mkondo huu kutoka kwenye laini. Laini za kilovolti 33 na 11 ni fupi na zenye ukinzani mkubwa. Ziache nje ya kanuni hii, vinginevyo utawachosha watu bure.

Ampea 6 au 10 kwa fezi ziko mbali chini ya ampea 75 ambazo kiwango cha Marekani Kaskazini huzitumia kudai tathmini ya joto la transfoma. Hata hivyo, transfoma za fezi moja moja zilizopangwa tatu huanza kushiba kwa ampea chache tu. Zinafuatwa na zenye kiini cha miguu mitano. Zile za fezi tatu zenye kiini cha miguu mitatu huvumilia zaidi. Aina ya kiini iandikwe kwenye orodha ya kila kituo, na kama haionekani kwenye kibati, itafutwe kwenye michoro ya mtengenezaji.

Kanuni iseme nini, na imguse nani

EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ina mamlaka kupitia Sheria yake, Sura ya 414, na Sheria ya Umeme, Sura ya 131. Njia nyepesi ni kuongeza sehemu mpya kwenye kanuni za gridi zilizopo badala ya kuanzisha hati inayojitegemea. Marekani waligawa kazi yao mara mbili, kufuatia agizo la mdhibiti wao la mwaka 2013: taratibu za uendeshaji kwanza, tathmini ya udhaifu wa gridi baadaye. Mgawanyo huo unafaa hata kwetu, kwa sababu taratibu zinaweza kuanza ndani ya miezi 6, ilhali tathmini yenye vipimo itahitaji miaka 2 hadi 3.

Wanaoguswa wawe wote wenye leseni ya usafirishaji au uzalishaji wanaomiliki transfoma yenye upande wa msongo mkubwa uliofungwa kwa nyota na nyutro kwenye ethi, kuanzia kilovolti 132. Marekani Kaskazini huanzia juu ya kilovolti 200. Ukinakili kiwango hicho, laini nzima ya Tabora–Kigoma inatoka nje ya kanuni, pamoja na transfoma za kituo cha kufua umeme cha Malagarasi pale Igamba, kikishaanza kazi.

Masharti ya chini tunayopendekeza ni haya:

1. Kipimo cha DC kwenye nyutro ya angalau transfoma moja katika kila kituo cha mwisho wa laini na cha kona, ndani ya miezi 12.
2. Utaratibu wa dhoruba wenye kurasa zisizozidi 4, unaokaa chumba cha kuongozea mitambo, wenye namba za simu za watu wa zamu, za mchana na za usiku.
3. Mapitio ya mipangilio ya rilei zote zinazotegemea mkondo wa nyutro, na zile za kapasita.
4. Sampuli ya msingi ya mafuta ya kila transfoma inayoguswa.
5. Zoezi moja kwa mwaka, lifanywe usiku au siku ya mapumziko.
6. Taarifa kwa mdhibiti ndani ya siku 30 baada ya dhoruba ya daraja G4 au G5 (ya juu kabisa katika ngazi za G1 hadi G5), ikiambatana na data ghafi.

Neno "data ghafi" liandikwe hivyohivyo kwenye kifungu. Bila hilo utaletewa grafu iliyosafishwa, na hutaweza kuilinganisha na ya kituo kingine. Kifungu kingine kinachosahaulika ni cha gharama: kanuni itamke kwamba matumizi ya kupima na kukagua yaliyoidhinishwa yanaingia kwenye hesabu za bei ya umeme. Sharti lisilo na fungu hubaki kwenye karatasi, na atakayelipia uzembe huo ni mgonjwa wa hospitali ya Maweni, Kigoma, au Kitete, Tabora, umeme ukikatika.

Kanuni isilazimishe ununuzi wa vifaa vya kuzuia DC kwenye nyutro kabla ya miaka miwili ya vipimo. Kifaa hicho hubadilisha jinsi hitilafu ya fezi kwenda ardhini inavyoonekana na rilei, na kikizuia hapa mkondo huweza kuhamia kituo jirani. Kuna pia kosa la upande wa pili ambalo ni baya zaidi: mtu akisoma hesabu ya hapo juu anaweza kudhani kuongeza omu za ethi kutapunguza mkondo. Ni kweli utapungua kidogo. Lakini Kigoma na Tabora ni nchi ya radi, na ethi dhaifu huua watu. Kanuni ipige marufuku waziwazi kudhoofisha ethi kwa kisingizio cha dhoruba za jua.

Kufunga kipimo cha nyutro

Kinachotakiwa ni kihisi cha aina ya Hall kinachofungwa kuzunguka mkanda wa shaba unaotoka nyutro kwenda ethi, chenye upeo wa ampea 100 kila upande na uwezo wa kutofautisha ampea 0.1 hadi 0.5, pamoja na kinasa data kinachopata umeme kutoka betri za kituo za volti 110. Rekodi kila sekunde 1; isizidi sekunde 10. Ukilinganisha na bei ya transfoma, gharama yake ni ndogo sana, na ndiyo sababu tunaiweka mwanzo wa kila kitu.

Makosa ya ufungaji yanajirudia, na mengi hayaonekani mpaka siku ya dhoruba:

Nyutro nyingi zina mikanda miwili inayoshuka ardhini. Kihisi kikizunguka mmoja tu, kitasoma sehemu ya mkondo. Kifungwe juu ya mgawanyiko, au viwekwe viwili na kujumlishwa.

Nyutro hubeba pia hezi 50 kutokana na mzigo usiolingana wa fezi. Kinasa kinachochukua sampuli moja kwa sekunde bila chujio kitazigeuza hezi 50 kuwa mawimbi ya polepole ya uongo, yanayofanana kabisa na dhoruba. Weka chujio linalopitisha chini ya hezi 1 kabla ya kinasa, na udai cheti cha jaribio lake.

Joto huhamisha sifuri ya kihisi. Jua la Tabora likipiga kasha la chuma kutwa nzima, utaona "mkondo" unaopanda kila mchana na kushuka kila jioni. Kasha liwe na kivuli na matundu ya hewa, na kihisi cha joto kiwe ndani yake ili usomaji usahihishwe.

Baada ya hitilafu kubwa au radi kupiga karibu, kiini cha kihisi hubaki na sumaku na sifuri inahama. Rudisha sifuri na uandike tarehe.

Jaribio la uhakika ni rahisi. Zungusha waya mwembamba mara 10 kupitia tundu la kihisi, pitisha ampea 1 ya DC kutoka betri yenye kipinga, usomaji uwe ampea 10. Geuza ncha za betri, usome hasi 10. Alama chanya imaanishe mkondo unaopanda kutoka ardhini kuingia transfoma, na vituo vyote vifuate mtindo huo. Rudia kila miezi 6.

Nyaya za data zinazopita ardhini zilazwe ndani ya bomba la plastiki gumu lililozibwa ncha zote, maana mchwa wa huku hawachagui. Omu za ethi zipimwe mara mbili kwa mwaka, Septemba au Oktoba udongo ukiwa mkavu kabisa, na Machi au Aprili ukiwa umelowa. Kwenye udongo wa kichanga wa Tabora tofauti inaweza kuwa kubwa, na hesabu ya mkondo itumie zote mbili.

Kituo kimoja cha mkoa kiwe na kipima uga wa sumaku, mbali na barabara, reli, paa la bati na laini za umeme. Mita 300 ni umbali mzuri wa kuanzia. Vituo vya kudumu vya kupima uga wa sumaku vya Addis Ababa, Ethiopia, na Hartebeesthoek, Afrika Kusini, viko mbali mno kukuambia kilichotokea Urambo.

Rilei na saa

Orodhesha kila rilei inayopima mkondo wa nyutro au wa mabaki (jumla ya fezi tatu). Kwa kila moja uliza mambo mawili: je, inachuja hamoniki na kupima hezi 50 pekee, na je, muda wake wa kusubiri ni mrefu kiasi gani? Rilei za zamani za sumaku na diski hupima kila kinachopita. Za kisasa nazo huweza kuwa zimewekwa zipime jumla ya mawimbi yote, kwa hiyo usitosheke kuona ni za kidijitali, soma mpangilio. Rilei za kapasita zipewe umakini wa kwanza, kwa kuwa kapasita huvuta hamoniki, na kuzipoteza wakati transfoma zinanywa VAR ndiyo njia ya Québec.

Upande wa transfoma, ulinzi wa tofauti, unaolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, hutumia hamoniki ya pili kutambua mkondo wa kuwashia na kujizuia usikate. Wakati wa dhoruba hamoniki hiyohiyo inaweza kuifanya rilei ikae kimya hitilafu ya kweli ikitokea. Suluhisho si kuondoa kizuizi hicho. Hakikisha ulinzi wa gesi wa Buchholz unafanya kazi, na ngazi ya tofauti isiyo na kizuizi imewekwa.

Kwenye jenereta za Malagarasi, hamoniki na kutolingana kwa fezi hupasha moto rota. Rilei ya mkondo wa mfuatano hasi, inayotambua kutolingana huko, iwe hai, na zamu ijue kwamba king'ora chake wakati wa dhoruba ni cha kweli.

Suala la setilaiti kwetu ni zito kuliko kwa nchi za kaskazini. Tuko karibu na ukanda ambao tabaka la ioni angani huchafuka baada ya jua kuzama, takriban saa 1 usiku hadi usiku wa manane, na ishara za GPS huyumba au kupotea. Saa za vituo, vitafuta hitilafu na baadhi ya ulinzi wa laini hutegemea GPS. Kanuni itake saa ya kituo ibaki sahihi kwa saa 24 bila setilaiti, na ulinzi wa laini uwe na njia mbadala ya kulinganisha muda kupitia nyuzi za mwanga. Mlipuko wa mwanga wa Jua nao hukata redio za mawimbi mafupi (HF) upande wa Dunia ulio mchana. Nyuzi za mwanga zilizomo kwenye waya wa juu wa laini haziguswi. Mawasiliano ya dhoruba yategemee hizo kwanza, redio za VHF za karibu pili, simu za setilaiti mwisho.

Tahadhari inapoingia

Vyanzo ni kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA, shirika la serikali ya Marekani, kinachotoa madaraja G1 hadi G5, na kituo cha SANSA, shirika la anga la Afrika Kusini, kilichopo Hermanus, Afrika Kusini, kinachofanya kazi saa 24 na kinachoitazama Afrika. Tahadhari zote ziingie kituo cha taifa cha kuongoza gridi na zipigwe simu kwenda vituoni. Tahadhari iliyotumwa kwa barua pepe ya ofisi Ijumaa jioni haijatumwa.

Saa ni mtego. Tahadhari huandikwa kwa UTC: 18:00 ya UTC ni saa 3 usiku kwetu, na 03:00 ni saa 12 asubuhi. Bandika jedwali la saa 24 ukutani, lenye safu mbili, na ripoti zote ziandikwe kwa UTC.

Siku 1 hadi 3 kabla, kwa G3 na kuendelea, ahirisha matengenezo yanayotoa laini au transfoma kwenye kazi, na rudisha yaliyotolewa kama inawezekana kwa usalama. Chukua sampuli ya mafuta. Jaribu redio. Hospitali za rufaa za Maweni na Kitete, na mamlaka za maji, ziarifiwe zikague dizeli. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Nzega, Igunga na Tabora husukumwa kwa pampu, kama ya Kigoma yanavyosukumwa kutoka ziwani, kwa hiyo matangi yajazwe mapema.

Dakika 15 hadi 60 kabla, setilaiti zilizoko kilomita milioni 1.5 kuelekea Jua husoma wingu likipita. Hapo ndipo daraja la kweli hujulikana: sumaku ya wingu ikielekea kusini na kasi ikiwa kubwa, wingu litauma. Punguza umeme unaopita kwenye laini ndefu, acha nafasi ya VAR kwenye jenereta, na simamisha kuwasha na kuzima kusiko kwa lazima.

Dhoruba ikiwa imefika, usitegemee namba ya Kp, kipimo cha Dunia nzima cha msukosuko wa sumaku, peke yake. Hukokotolewa kwa vipindi vya saa 3, tena kutokana na vituo vilivyo mbali na ikweta. Amri itolewe na kipimo cha nyutro yako. Kama viwango vya kuanzia tunapendekeza ampea 5 kwa dakika 3 mfululizo: andika, sikiliza transfoma, fuatilia hamoniki ya pili kwenye kipima ubora wa umeme. Ampea 15: punguza mzigo wa transfoma hiyo, andaa kapasita na jenereta. Mvumo ukibadilika ukawa mzito na wa kukwaruza, au joto la juu la mafuta likipanda bila mzigo kupanda, chukulia kama ngazi ya pili hata kipimo kikisoma kidogo.

Kuzima laini kwa makusudi kunaruhusiwa tu kama kulishafanyiwa hesabu. New Zealand walifanya hivyo tarehe 11 Mei 2024, lakini walikuwa na miaka ya vipimo na mpango ulioandikwa. Ukitoa laini ya Tabora–Kigoma bila hesabu, unaweza kuusukumia mkondo na mzigo wote upande wa Nyakanazi.

Baada ya dhoruba, na mkaguzi akifika

Sampuli ya pili ya mafuta ichukuliwe ndani ya siku 3, kisha baada ya mwezi 1, 3 na 6, kwa sababu uharibifu wa Afrika Kusini ulijitokeza taratibu. Tumia sirinji ya kioo ya mililita 50, mwaga mafuta ya kwanza ya bomba, jaza bila kiputo cha hewa, funika na jua, na tuma maabara haraka. Hidrojeni, methani na ethilini zikipanda huashiria joto la ndani. Asetilini ni dalili ya cheche na haisubiri sampuli ijayo. Linganisha na sampuli ya msingi ya transfoma ileile, siyo na wastani wa kitabuni.

Mkaguzi asiishie kwenye faili. Apige namba ya zamu ya usiku iliyo kwenye utaratibu, aone kama inapokelewa. Amwombe mhudumu wa zamu abadilishe saa moja ya UTC kuwa ya hapa. Afanye jaribio la mizunguko 10 kwenye kihisi mbele ya macho yake. Afungue mpangilio wa rilei moja ya kapasita na kuulinganisha na ripoti ya mapitio. Kwa mapungufu ya mwaka wa kwanza, tunashauri muda wa kurekebisha badala ya faini. Faini iwe kwa anayeficha data.

Transfoma ya akiba na njia ya kuifikisha

Transfoma kubwa mpya huchukua zaidi ya mwaka tangu kuagizwa. Kwa gridi yenye laini chache kama hii, akiba moja ya kilovolti 132/33 kwa Tabora na Kigoma kwa pamoja ni hitaji la kweli, na itasaidia hata kwa radi na uchakavu. Iwekwe Tabora, ambako barabara na reli hukutana, ikiwa na mafuta yake na kukaguliwa kila mwaka kama zilizo kazini. Jenereta za dizeli zilizobaki Kigoma zisiuzwe kabla akiba hiyo haijafika, na utaratibu wa kuwasha mji kutokea Malagarasi, kituo hicho kikishaanza kazi, ufanyiwe zoezi mwezi Septemba, maji ya mto yakiwa yamepungua, kwa sababu ndipo uwezo wake wa chini utakapojulikana.

Mwenye leseni awe na hati ya njia: uzito na vipimo vya transfoma bila mafuta, trela itakayotumika, madaraja yote kati ya Tabora na Kidahwe pamoja na uwezo wake, na sehemu zisizopitika kati ya Novemba na Aprili. Maombi ya kibali cha mzigo mzito cha TANROADS, wakala wa barabara, yaandikwe mapema na kuhuishwa kila mwaka, yakibakiza tarehe ya safari tu kujazwa.